Shokapu za modeli nyingine: uchambuzi wa kisa kimoja cha ufundi wa nyumbani

Kisa hiki kinahusu gari dogo la milango mitano lililofungwa nyumbani shokapu za mbele za modeli nyingine ya kampuni ileile. Jina la gari, la mwenyewe na la mahali yameondolewa. Vipimo nimeviacha kama vilivyochukuliwa wakati wa ukaguzi. Mimi niliingia mwishoni, gari lilipoletwa nilikague baada ya fundi wa alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, kukataa kulifanyia kazi. Humu nitaliita "gari dogo", na lile lililotoa shokapu nitaliita "gari kubwa".

Usuli

Gari dogo huvutwa na magurudumu ya mbele. Mbele lina mfumo wa MacPherson, ambao shokapu na springi husimama pamoja kama nguzo moja: juu imefungwa kwenye bodi kwa nati tatu, na chini ina masikio mawili yanayoibana nako, yaani lile pande la chuma linalobeba habu ya gurudumu. Bolti mbili hupita kwenye masikio na nako, basi. Ford waliutumia mfumo huu kwenye Consul ya mwaka 1950, na tangu hapo umesambaa kiasi kwamba ukizipanga sakafuni shokapu za magari mbalimbali, mtu asiyezizoea ataona zote ni za gari moja. Kishawishi huanzia hapo.

Tatizo la awali lilikuwa kugonga. Gari likiingia kwenye shimo au likipita tuta kwa haraka kidogo, mbele linashuka hadi mwisho na kutoa mshindo wa chuma. Shokapu zote mbili zilikuwa zinavuja oili. Mwenye gari, ambaye si fundi wa kazi lakini ana mkono mzuri na vifaa vya kutosha, aliamua kwamba springi zimechoka. Wakati huohuo gari kubwa, la familia, refu na zito zaidi, lilikuwa linabomolewa kwa vipuri. Shokapu zake zilikuwa kavu, zikiwa bado na springi zake na kofia zake za juu, na bei yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya shokapu mpya. Alitarajia faida ya ziada: mbele kuinuka kidogo.

Hakununua kwa macho tu. Alipima nafasi kati ya nati tatu za juu, zikalingana. Akapima umbali kati ya matundu mawili ya chini, katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, akapata mm 60 kwenye zote mbili. Akazilaza shokapu sambamba, zote zikiwa zimenyooka hadi mwisho, akaona ya gari kubwa imezidi kwa mm 25. Kwa hesabu yake, gari litainuka mm 25. Akalipa.

Kazi ilivyokwenda

Gari lilipandishwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi mbili, magurudumu ya mbele yakiwa yananing'inia. Kabla ya kufunga, alisugua kutu kwenye masikio ya shokapu alizonunua na kuyapaka rangi nyeusi, tabaka mbili nzito, ndani na nje. Zilipendeza kweli.

Kushusha shokapu za zamani hakukuwa na shida. Tabu ilianza kwenye kupandisha. Kwa kuwa shokapu alizonunua zilikuwa ndefu zaidi, nako haikushuka vya kutosha. Akalegeza bolti za ndani za amu ya chini, ule mkono wa chuma unaounganisha nako na bodi, ili ilale zaidi, shokapu ikaingia, akazikaza palepale huku gurudumu likining'inia.

Kisha bolti za chini. Bolti za gari kubwa zilikuwa za mm 16 na hazikupita kwenye nako ya gari dogo, ambayo matundu yake ni ya bolti za mm 14. Akarudisha bolti zake za mm 14. Zilipita kwenye masikio kirahisi mno. Ukizishika kwa vidole, unazichezesha. Alitafakari jambo hili kwa muda, kisha akaamua kwamba nati ikikazwa barabara, nguvu ya kubana ndiyo itakayoshika.

Linki za stabilaiza za gari dogo, vile vijiti vinavyounganisha shokapu na fimbo inayozuia gari kulala upande kwenye kona, zilikuwa fupi, kwa sababu mahali pa kuzifunga kwenye shokapu hizi pako juu zaidi, hivyo alitumia linki za gari kubwa, nazo zikakaa sawa. Mpira wa breki ulikuwa na shida nyingine: kishikio chake kwenye shokapu hizi kilielekea upande mwingine. Aliufunga mpira kwenye mwili wa shokapu kwa zip tai, pamoja na waya wa sensa ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukifunga breki.

Gari liliposhushwa lilikuwa limeinuka mm 43. Hakutarajia hivyo, lakini hakusikitika. Alilijaribu barabarani, likaonekana gumu na imara, na mshindo ulikuwa umekwisha. Akapanga kulipeleka alaimenti atakapopata nafasi.

Nafasi ilichelewa. Ndani ya wiki chache gari lilianza kuvuta kushoto. Gurudumu la kulia likiingia kwenye shimo kulisikika "tok" moja, na baada ya mlio huo usukani haukurudi katikati. Akikanyaga mafuta kwa nguvu, mbele kunatetemeka. Usiku, magari yanayokuja yalimwashia taa kila mara, naye alidhani watu wamekosa adabu.

Kwenye alaimenti mashine ilisoma kemba, yaani jinsi gurudumu linavyolala likitazamwa kwa mbele (hasi ni kichwa chake kulala ndani, chanya ni kulala nje): ya kulia hasi, nyuzi 1 na dakika 30, na ya kushoto chanya, dakika 20 (dakika 60 ni nyuzi 1). Fundi alitazama chini ya gari kwa tochi, akatoka, akasema, "Bosi, hapa hakuna cha kurekebisha. Nikikaza leo, kesho itahama."

Tulichokikuta

Kilichonitisha kwanza kilikuwa mpira wa breki wa kulia. Usukani ukikatwa hadi mwisho upande wa kulia, mpira ulikuwa unalala kwenye ukingo wa ndani wa rimu. Ngozi yake ya nje ilikuwa imelika kwa urefu wa kidole, na nyuzi za kitambaa cha ndani zilionekana wazi. Zip tai yenyewe ilikuwa imekaza vizuri kabisa, na ndiyo iliyokuwa ikiuzuia mpira usisogee mbali na rimu. Gari lilipoinuliwa gurudumu likaning'inia, mpira huohuo ulinyooka ukakaza.

Kwenye masikio ya shokapu ya kulia, rangi ilikuwa imesagika chini ya kichwa cha bolti na kuacha alama ya mwezi mchanga inayong'aa: bolti ilikuwa imetembea ndani ya tundu lake. Kiatu cha springi, lile sahani linalobeba springi chini, kilikuwa kimeanza kuchora mstari kwenye ubavu wa ndani wa tairi. Tairi hilo lilikuwa limelika ukingo wa ndani.

Bushi ya nyuma ya amu ya kulia, ile raba ambayo amu hujipinda juu yake, ilikuwa imechanika, ya kushoto ina nyufa. Sivi jointi za ndani, viungo vinavyoruhusu shafti ya kuvuta gurudumu ijikunje huku ikizunguka, zilikuwa nzima, ila pembe ya shafti ilikuwa kali. Taa zilikuwa zinamulika juu.

Tukachukua pia shokapu za zamani, ambazo mwenyewe alikuwa amezihifadhi pamoja na springi zake. Springi hazikuvunjika na urefu wake ulikuwa sawa pande zote mbili. Lakini stopa, ile raba inayokaa kwenye fimbo ya shokapu na kupokea pigo la mwisho, zilikuwa zimekufa: upande mmoja imebaki nusu, upande mwingine imekuwa unga ndani ya kava la vumbi. Mshindo wa awali ulitoka hapo: shokapu haina oili ya kutosha kupunguza mwendo, na ikifika mwisho hakuna raba ya kuipokea. Springi zilishitakiwa bure.

Maamuzi ya kulirekebisha

Mwenye gari alipendekeza kwanza tuchongeshe bushi nyembamba za chuma, unene wa mm 1, za kujaza nafasi kati ya bolti ya 14 na tundu la 16. Inawezekana, na mchongaji mzuri angezitengeneza. Nilikataa kwa sababu zingetibu matundu tu. Springi ingebaki ya gari zito, kishikio cha breki kingebaki kimegeuka, na kiatu cha springi kingebaki karibu na tairi.

Njia ya pili ilikuwa kuchukua nako za gari kubwa ili masikio na bolti zilingane. Lakini nako haiji peke yake. Inakuja na habu, na habu inataka shafti yenye meno yanayoiingia. Inakuja na mahali pa kalipa ya breki, na tundu la boljointi inayoishika amu, na mkono wa tairodi, ile fimbo ya usukani, ambao urefu na kimo chake ndivyo vinavyoamua gurudumu litaelekea wapi likipanda na kushuka. Mtu anayetaka kwenda huko habadilishi tena shokapu tu, anahamisha mbele yote ya gari jingine. Watu hufanya hivyo, na wengine hufanikiwa, ila si kwa lengo la kuokoa hela.

Tukaamua kurudi: shokapu mpya za gari dogo lenyewe, springi zake za zamani, stopa na kava mpya, bearingi mpya za juu, bushi mpya za amu, mipira miwili mipya ya breki, bolti na nati mpya za chini. Bolti za amu zilikazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake juu ya ramp, kwa uzito wake wenyewe. Kisha alaimenti na kupanga taa.

Gari lilirudi kwenye kimo chake cha kiwandani na kemba za pande zote mbili zikakaa ndani ya kiwango bila kulazimishwa. Halivuti wala halitetemeki. Haligongi tena kwenye mashimo yaleyale, jambo lililomshangaza mwenyewe zaidi ya yote, kwa kuwa springi ni zilezile alizotaka kutupa. Tairi la kulia lilibidi libadilishwe. Gharama yote kwa jumla ilizidi bei ya shokapu mpya alizozikwepa mwanzoni.

Uchambuzi

Nianze na mambo aliyofanya vizuri, maana si machache. Alitumia stendi, hakuitegemea jeki peke yake. Alinunua jozi, hakufunga upande mmoja. Alizifunga shokapu zikiwa na springi zake bila kuzifungua, hivyo hakuhitaji kubana springi nyumbani; kazi hiyo ikikosewa, springi inaruka na nguvu za kuvunja taya. Alihifadhi vipuri vya zamani, na bila hivyo tusingejua habari za stopa. Na mwishoni alilipeleka gari kupimwa.

Kosa la msingi ni kwamba alipima vitu vilivyolala sakafuni, ilhali suspensheni, yaani mfumo wote wa springi, shokapu na amu, ni kitu kinachotembea. Kila kipimo alichochukua kilijibu swali moja: je, itaingia? Hakuna hata kimoja kilichouliza kitakachotokea gurudumu likipanda hadi mwisho, likishuka hadi mwisho, na likikatwa kulia na kushoto.

Tuchukue ule urefu wa ziada wa mm 25. Urefu wa shokapu iliyonyooka unaonyesha gurudumu litaning'inia hadi wapi. Kimo cha gari likisimama huamuliwa na springi na uzito ulio juu yake. Gari dogo lilikuwa jepesi kuliko gari kubwa kwa takriban kilo 50 kwa kila gurudumu la mbele, yaani nyutoni 490. Springi za gari kubwa tulizipima, zikawa na ugumu wa nyutoni 28 kwa kila milimita. Gawanya 490 kwa 28, unapata mm 17.5 ambazo springi haikubonyea. Jumlisha na 25, unafika karibu kabisa na zile 43 zilizomshangaza. Upande wa pili wa hesabu hiyo ni kwamba safari ya gurudumu kushuka ilipungua kwa zile mm 17.5: gari liko juu, lakini gurudumu lina nafasi ndogo zaidi ya kufuata shimo.

Hizo mm 43 hazikuishia kwenye springi. Kwenye shafti yenye urefu wa mm 350 zinaongeza pembe ya nyuzi 7 hivi, na sivi jointi ya ndani ikifanya kazi kwenye pembe kali huku injini inavuta, hutetemeka. Kwenye gari ambalo umbali wa ekseli ya mbele na ya nyuma ni mm 2,500, kuinua mbele peke yake kwa kiasi hicho kunapandisha mwanga wa taa kwa sentimita 43 ukifika mita 25 mbele. Wale madereva hawakukosa adabu.

Matundu ndiyo yanayostahili kuzungumziwa zaidi, kwa sababu hoja ya mwenye gari haikuwa ya kijinga. Ni kweli kwamba kwenye kiungo kama hiki bolti haitegemewi ishike kwa ubavu wake. Ikikazwa kwa nyutoni-mita (Nm) 120, bolti ya mm 14 inabana kwa nguvu inayokaribia nyutoni 43,000, na msuguano wa chuma kwa chuma ndio unaozuia masikio yasiteleze juu ya nako. Angekuwa sahihi iwapo mbano huo ungebaki. Haukubaki, kwa sababu mbili. Rangi nzito chini ya kichwa cha bolti na kati ya nyuso zinazobanana husagika na kusinyaa, na kila sehemu ya milimita inayosinyaa inaondoa sehemu ya mbano. Na tundu likiwa kubwa, kichwa cha bolti kinakalia ukingo mwembamba zaidi wa chuma. Mbano ukishapungua, kwenye matundu ya saizi sahihi bolti ingetembea kidogo sana na kugota. Hapa ilikuwa na mm 1 kila upande. Bolti ya juu ikienda ndani kwa mm 1 na ya chini ikienda nje kwa mm 1, ni mm 2 kwenye umbali wa mm 60: karibu nyuzi 1.9. Linganisha na tofauti iliyosomwa na mashine kati ya kulia na kushoto, nyuzi 1 na dakika 50.

Uelekeo wa kuteleza nao haukuwa wa bahati mbaya. Tairi linagusa ardhi nje ya mstari wa shokapu, hivyo uzito wa gari wakati wote unasukuma kichwa cha gurudumu kilale ndani. Shimo la kwanza lenye nguvu ya kutosha lilimalizia. Ndiyo maana kulia kukawa hasi, ukingo wa ndani ukalika, kiatu cha springi kikafika kwenye tairi, na gari likavuta kushoto, upande uliobaki na kemba chanya.

Zipo bolti za kurekebishia kemba ambazo kwa makusudi ni nyembamba kuliko tundu, na watu huzitaja kama ushahidi kwamba nafasi haidhuru. Lakini nyingi kati ya hizo zina mbenuko au meno yanayoshika ukingo wa tundu, na kwa kawaida hutumika moja kati ya mbili, nyingine ikibaki ya saizi kamili. Bolti mbili laini kwenye matundu mawili makubwa ni jambo jingine kabisa.

Bushi za amu niziguse kwa ufupi. Raba yake imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, hivyo haizunguki, inajinyonga. Ukiikaza gurudumu likining'inia, gari likishuka raba inakaa imenyongwa saa zote, hata gari likiwa limeegeshwa. Kosa hili hufanywa pia na watu wanaofunga vipuri halali vya gari lao.

Jaribio lililokosekana lingechukua chini ya saa moja. Funga shokapu bila springi, na hapa springi inafunguliwa kwa kifaa chake maalumu au kwa mtu aliye nacho. Gari likiwa juu ya stendi, weka jeki chini ya nako, uipandishe polepole kutoka chini kabisa hadi shokapu iguse stopa. Simama kwenye vituo vitatu: chini, kimo cha kusimama, na juu. Kwenye kila kituo kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, ukiangalia mpira wa breki, waya wa ABS, buti za shafti, na nafasi kati ya tairi na kila kitu kilicho karibu nalo. Mpira wa breki usingepita kituo cha kwanza. Kiatu cha springi kingeonekana kuwa karibu mno hata kabla bolti hazijahama.

Kuwa ndugu wa kampuni moja si dhamana. Golf ya kizazi cha tano ya Volkswagen ni mfano unaojulikana: gari moja, jukwaa moja (msingi uleule wa chini), lakini baadhi zilitoka na shokapu za mbele zenye mwili wa mm 50 na nyingine mm 55 pale zinapoingia kwenye nako, na hakuna kuchanganya. Kinachofaa kulinganishwa kwanza ni namba ya kipuri ya nako, kabla ya shokapu yenyewe. Zikilingana, matundu, kalipa na mkono wa tairodi vinakuwa vimejibiwa kwa mpigo, na kinachobaki ni springi, kimo, na vishikio vya mipira na nyaya. Zisipolingana, kila kimoja kati ya hivyo kinapimwa peke yake, na tundu hupimwa upana wake kwa kalipa ya kupimia, si umbali wa katikati hadi katikati tu.